Mpaka Ukifungwa: Usalama wa Afrika Mashariki Ukitazamwa kutoka Merikit

Nilipomwambia nyanya yangu kwamba chuoni nimechagua kusoma Historia na Kiswahili, kwanza alinyamaza. Kisha akaniuliza kama ninataka kuingia jeshini. Hakuwa anatania. Kwetu Merikit, katika wilaya ya Tororo, mashariki ya Uganda, watu wa umri wake waliposikia Kiswahili usiku walijua kuna bunduki mlangoni. Kiswahili kilikuwa lugha ya King's African Rifles wakati wa Waingereza, jeshi la Uganda huru likakirithi, na mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Lakini nyanya huyo huyo, akivuka mpaka kwenda Busia au Malaba upande wa Kenya, alinunua chumvi na sabuni kwa Kiswahili, akabishana bei kwa Kiswahili, akacheka na wenye maduka bila hofu yoyote. Upande mmoja lugha hii ilikuwa ya kuamrisha watu wapige magoti, upande wa pili ilikuwa ya kuomba kupunguziwa bei.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu insha yangu inahusu usalama, na neno hilo nalo hubadilika likivuka mpaka. Tunasalimiana kwa kuulizana kama tu salama. Lakini mtu akisema kijijini kwamba fulani ni mtu wa usalama, watu hupunguza sauti. Uganda kila kaunti ndogo ina ofisa wa usalama wa ndani, ambaye wote wanamwita GISO, na sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba anajisikia salama zaidi kwa sababu GISO amepita nyumbani kwake. Tukiandika kuhusu usalama wa taifa na wa kimataifa, basi tuulize kwanza: neno hili tunalitumia kwa maana ipi, ile ya salamu au ile ya kupunguza sauti?

Mwaka wangu wa pili mwalimu alitupa kazi ya kusoma yale ambayo wataalamu wameandika kuhusu usalama wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu. Ni maandishi mengi. Nilifanya jambo ambalo nadhani kila mwanafunzi aliyetoka kijijini hulifanya kimyakimya: nilifungua faharasa mwishoni mwa vitabu kutafuta jina la nyumbani. Merikit sikulitegemea. Nilitafuta Tororo, halafu Busia, halafu Malaba. Nilikuta Kampala, Nairobi, Kigali, Kinshasa na Mogadishu, mara nyingi. Majina yetu, kama yalikuwapo, yalitajwa mara moja katika sentensi kuhusu malori.

Sisemi kwamba vitabu hivyo ni vibaya. Barry Buzan na Ole Wæver, katika kitabu chao cha mwaka 2003, walitoa fikra ambayo imenisaidia sana. Walisema dunia ina makundi ya nchi zilizounganika kiasi kwamba usalama wa nchi moja hauwezi kuchambuliwa peke yake, bila kuangalia ule wa jirani. Mtu wa Tororo hahitaji kushawishiwa. Mafuta ya Uganda hupanda kutoka Mombasa, na serikali ya Nairobi ikipiga chafya, foleni ya petroli inaanza Tororo. Gilbert Khadiagala, mtaalamu wa Kenya, alihariri mwaka 2006 kitabu kuhusu mwenendo wa usalama katika Maziwa Makuu, akaonyesha jinsi vita vya nchi moja vinavyolishwa na nchi nyingine. Ali Mazrui, aliyefundisha Makerere kabla ya Amin kumfanya aondoke, aliandika mwaka 1975 kuhusu askari na ukoo katika siasa za Uganda. Vitabu hivi vyote vinaiangalia dola: nani anaishika, nani anaitishia, nani anaivamia. Ndani yake mpaka ni ukuta wa nyumba ya serikali. Ukuta ukiwa imara, nyumba iko salama.

Nilipokuwa nikisoma, nilijaribu kuweka karibu na kila ukurasa yale niliyoyasikia nyumbani. Hayakukubaliana. Kila mara serikali zetu mbili ziliposema zinalinda usalama wao pale mpakani, watu wa pale walipoteza wao. Na kila mara watu wa pale walipookoka, waliokolewa na mpaka huo huo, kwa sababu ulivukika. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa.

Mpaka wenyewe si wa zamani. Mwanzoni mwa utawala wa Waingereza Uganda ilienea mashariki mpaka karibu na Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo lote la mashariki la Uganda lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikaitwa Kenya, ili pamoja na mambo mengine reli nzima kutoka Mombasa hadi ziwani iwe chini ya utawala mmoja. Hakuna aliyewauliza Wateso, Wasamia wala Wabukusu. Mwaka 1926 amri nyingine ya London ikaeleza mstari kwa maneno ya kisheria, ukifuata Mto Sio kutoka ziwani na kwingineko Mto Malaba kuelekea Mlima Elgon. Wateso wa Tororo wakabaki Uganda, na ndugu zao wa Amukura na Amagoro wakawa watu wa Kenya. Jirani zetu Wajopadhola walibaki karibu wote upande wa Uganda, lakini historia yao iliandikwa na Mkenya: Bethwell Ogot alikusanya masimulizi ya wazee wa Padhola kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu Waluo wa kusini. Ninalitaja hili kwa makusudi. Mhadhiri mmoja aliniandikia pembeni mwa rasimu yangu kwamba nyanya si ushahidi. Kama masimulizi ya wazee yalitosha kuijenga historia ya Padhola, nadhani ya nyanya yanaweza kutosha kwa insha ya mwanafunzi.

Uhuru ulipokuja, mstari ulibaki. Mwaka 1964 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikutana Cairo na kuamua kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Uamuzi huo ulizuia vita vingi, na sitaki kuudharau. Lakini ulifanya mpaka uwe mali ya marais peke yao.

Februari 1976 Amin alikumbuka mwaka 1902. Alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, mpaka karibu na Nairobi, ilikuwa ya Uganda kihistoria. Kama mwanafunzi wa historia sina budi kukiri kwamba kuhusu tarehe hakukosea, na hilo ndilo linalotisha: historia ya kweli iliyotumiwa kama fimbo. Kenya iliwaka kwa hasira. Kisha Julai mwaka huo makomando wa Israel walivamia uwanja wa ndege wa Entebbe kuwakomboa mateka, na ndege zao zikajaza mafuta Nairobi zikirudi kwao. Amin alilipiza kisasi kwa Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, wengi wakauawa, wengine wakakimbia kupitia Busia na Malaba. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Tanzania nayo ilifunga mpaka wake na Kenya Februari 1977 na haikuufungua mpaka mwaka 1983.

Katika vitabu, miaka hiyo ni ya uhasama kati ya Uganda na Kenya. Katika masimulizi ya nyumbani, ni miaka ya magendo. Baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975 na bei ya dunia ikapaa. Uganda ilikuwa na kahawa lakini haikuwa na sukari, chumvi, sabuni wala noti zenye thamani. Kenya ilikuwa na vyote hivyo. Kahawa ikaanza kutembea usiku kuelekea mashariki, na soko la Chepkube, upande wa Bungoma, likajulikana nchi nzima. Amin alikuwa ametunga mwaka 1975 sheria ya mahakama za makosa ya kiuchumi, ambayo mtu wa magendo angeweza kuhukumiwa kifo. Nelson Kasfir aliandika mwaka 1983 kwamba magendo yalizalisha tabaka jipya la matajiri Uganda, na bila shaka ni kweli. Ila babu yangu mzaa baba hakuwa tabaka. Alikuwa mtu mwenye baiskeli moja.

Baiskeli hiyo inastahili aya yake. Kati ya kituo cha Uganda na kile cha Kenya palikuwa na mwendo ambao magari hayakuruhusiwa kuvuka bila karatasi nyingi. Vijana wa Busia waliweka mto mdogo wa kukalia nyuma ya baiskeli, wakaanza kubeba watu kutoka boda moja hadi nyingine, wakiita abiria kwa kupaza sauti: boda, boda! Leo neno hilo linajulikana mpaka Dar es Salaam na Kinshasa, na pikipiki zimeshika nafasi ya baiskeli. Mara nyingi ninawaza kwamba huo ndio mchango mkubwa wa Busia kwa Afrika Mashariki, nao ulitokana na tatizo la usalama wa taifa: mpaka uliozuia magari haukuweza kuzuia watu.

Mapema Machi 1979, wakati jeshi la Tanzania likipigana kusini ya Uganda, wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni walivuka kutoka Kenya wakauteka mji wa Tororo. Waliushika siku chache tu, kisha jeshi la Amin likawafukuza. Nyanya anakumbuka ndege. Hakujua ni za nani, na anasema wala haikuwa muhimu kujua.

Sasa nifike Desemba 1987, kwa sababu hapo ndipo niliona wazi tofauti kati ya kitabu na nyumba.

Mwaka ule mashariki yote ya Uganda ilikuwa motoni. Ng'ombe wa Teso walikuwa wameporwa karibu wote na wavamizi kutoka Karamoja. Teso ilikuwa na waasi wa UPA, Tororo kulikuwa na watu waliojiita Force Obote Back Again, na katikati ya mwaka jeshi la Alice Lakwena lilitoka kaskazini likapita Mbale na Tororo likielekea Jinja, ambako lilishindwa. Lakwena mwenyewe alikimbilia Kenya. Alifariki mwaka 2007 katika kambi ya wakimbizi karibu na Dadaab. Serikali ya Yoweri Museveni, iliyokuwa madarakani tangu Januari 1986, iliamini Kenya inawahifadhi maadui zake. Serikali ya Daniel arap Moi iliamini Uganda inawafundisha vijana wa Kenya kuipindua, kwa msaada wa Libya. Katikati ya Desemba polisi wa Kenya na askari wa Uganda walianza kupigana risasi pale Busia, katikati ya mji. Mapigano yaliendelea kwa siku kadhaa na mpaka ukafungwa. Kila upande ulisema wa pili ndio ulioanza. Mwishoni mwa mwezi marais wawili walikutana Malaba wakakubaliana kutuliza mambo.

Katika vitabu nilivyosoma habari hii huchukua aya moja, na inatolewa kama mfano wa mgogoro uliodhibitiwa vizuri. Marais walizungumza, vita haikutokea. Kwa kipimo cha dola, huo ni ushindi.

Nyanya alikuwa sokoni Busia siku risasi zilipoanza. Alikuwa upande wa Kenya na gunia la mtama na mtoto wake wa nne mgongoni. Alikimbia na wengine kuelekea mashambani, akaacha mtama. Alitembea na mtoto mpaka Amukura kwa kaka yake, ambaye sisi wajukuu tulikuja kumwita babu wa Amukura. Alikaa huko Krismasi na mwaka mpya, huku babu akiwa Merikit na watoto watatu, mmojawao baba yangu, bila kujua kama mkewe yu hai. Hakukuwa na simu. Alipata habari Januari kutoka kwa mtu wa baiskeli.

Ningeweza kuishia hapo na kusema: ona jinsi usalama wa mataifa ulivyoumiza familia. Lakini nyanya haishii hapo, na ndiyo maana ninamwamini. Anasema wiki zile Amukura alilala. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliotangulia alilala usiku mzima, bila kusikiliza mbwa. Mpaka uliomtenga na mumewe ndio uliomtenga pia na waasi na na askari waliowasaka waasi. Mwaka 1989 hali ya Teso ilipozidi kuwa mbaya, mwaka ule ambao watu 69 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya behewa la reli Mukura, walikofungiwa na askari, yeye na babu hawakungoja. Waliwachukua watoto wote wakavuka kwenda Amukura kwa kupitia mashambani, wakakaa zaidi ya mwaka. Hawakuandikishwa popote kama wakimbizi. Wakenya wa Amukura wangewaitaje wakimbizi? Walisema Kiteso kile kile, walinywa ajono katika chungu kile kile. Shangazi yangu mdogo alizaliwa huko.

Hapa ninawakumbuka wataalamu wengine, ambao kwa bahati nzuri niliwapata kabla ya kukata tamaa. Anthony Asiwaju wa Nigeria alihariri mwaka 1985 kitabu kuhusu Waafrika waliogawanywa na mipaka, akianzia kwa Wayoruba wa kwao. Paul Nugent aliandika mwaka 2002 kuhusu Waewe wa Ghana na Togo, akasema jambo lililonishangaza: watu wa mpakani si wahanga tu, wao wenyewe waliusaidia mpaka udumu kwa sababu waliufaidi. Mwaka 2010 Dereje Feyissa na Markus Hoehne walikusanya tafiti kutoka Pembe ya Afrika zinazouona mpaka kama rasilimali. Baada ya kusoma hao nilimwelewa babu na baiskeli yake vizuri zaidi kuliko awali.

Hata hivyo sikubaliani nao kabisa. Neno rasilimali linanukia soko. Linaeleza kahawa na chumvi, lakini halielezi usiku wa Amukura. Kwa familia yetu mpaka ulikuwa kama ghala la nafaka: huendi kila siku, unaweza kupita mwaka bila kulifungua, lakini ukijua lipo unalima kwa moyo. Mwaka 1994 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilipendekeza kwamba usalama upimwe kwa binadamu badala ya dola, yaani chakula, afya, mwili wake, jamii yake. Ni hatua kubwa. Lakini hata ripoti hiyo inaitegemea serikali imletee mtu usalama huo. Wateso wa pande mbili walikuwa wameshajitengenezea wao, kwa ndoa na mazishi, kabla ya mtu yeyote kuutafutia jina.

Mtu aweza kuniuliza: na ghala hilo halikuwahi kufunguliwa kwa upande wa pili? Lilifunguliwa. Kenya ilipiga kura tarehe 27 Desemba 2007, na baada ya matokeo kutangazwa nchi ililipuka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Reli iling'olewa Kibera, Uganda ikakosa petroli, na mara hii waliovuka Malaba na Busia walikuwa Wakenya, wakielekea magharibi. Kambi ilifunguliwa Mulanda, katika wilaya yetu ya Tororo. Mtoto wa babu wa Amukura alikuwa akifanya kazi Bonde la Ufa na mke wa kabila jingine. Hakuweza kubaki huko, na aliogopa kumpitisha mkewe katika vizuizi vya vijana barabarani kwenda Amukura. Alipanda lori la kwanza alilopata, akajikuta Mulanda, akaandikishwa, akapewa hema. Siku ya tatu alimtumia ujumbe shangazi yake, yaani nyanya.

Nilikuwa mtoto mdogo lakini nakumbuka tulivyokwenda kumwona. Nyanya alibeba kuku. Hakuelewa kwa nini mtoto wa kaka yake anakaa katika hema la turubai na nambari, wakati nyumba yake ipo Merikit. Alimwambia afungashe. Yeye akaeleza kwamba akiondoka atapoteza mgao wa chakula na pengine msaada wa kurudi. Wakabishana. Mwishowe mke na watoto walikuja kwetu, na yeye akabaki na hema na nambari. Kwa hiyo katika takwimu za wakimbizi wa Kenya wa mwaka 2008 kuna familia moja ambayo nusu yake ilikuwa inachimba mihogo kwetu. Baadaye waliobaki Mulanda walihamishiwa Kiryandongo, mbali, katikati ya Uganda. Yeye alirudi Kenya kabla ya hapo.

Ninataja jambo hilo pia kwa sababu ya nyaraka. Sisi wanahistoria tunaziheshimu, lakini mpakani nyaraka zina tabia zake. Shangazi yangu mdogo, aliyezaliwa Amukura, alikwenda kuandikishwa kitambulisho cha taifa zoezi la nchi nzima lilipoanza mwaka 2014. Aliulizwa alizaliwa wapi. Alisema ukweli. Akaambiwa akae kando, alete barua hii na ile, shahidi huyu na yule, na mtu mmoja akamuuliza kwa Kiswahili kama ametumwa na Kenya. Alirudi nyumbani akilia. Mara ya pili alisema amezaliwa Merikit, na siku hiyo hiyo akapigwa picha. Mtafiti atakayesoma daftari lile miaka 100 ijayo ataamini kwamba mwaka 1990 familia yetu ilikuwa nyumbani, salama. Ataandika kwamba vita vya Teso havikufika Merikit.

Siwezi kusema hakuna kilichobadilika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, na mkataba huo unasema wazi kwamba amani na usalama ni msingi wa ushirikiano, na kwamba watu wanapaswa kuvuka kwa urahisi. Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Museveni walifungua Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu, na cha Malaba kipo pia. Nimepita hapo nikiwa na kitambulisho tu, nikahudumiwa vizuri, na kijana wa Kenya akanitania kuhusu Kiswahili changu cha vitabuni. Baraza la Mawaziri la Uganda nalo liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe mashuleni kwa lazima. Nyanya aliposikia habari hiyo redioni alitikisa kichwa tu.

Lakini kituo cha pamoja kilijengwa kwa ajili ya lori. Hilo tuliliona mwaka 2020. Machi ule Uganda ilifunga mipaka yake kwa watu kwa sababu ya korona, ila mizigo iliruhusiwa. Madereva walipimwa Malaba na Busia, na foleni ya malori ilikuwa ndefu kuliko zote tulizowahi kuona. Sipingi. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na ulipita njia ya barabara kuu, na serikali yoyote ingefanya kitu. Nasema tu kwamba ulipofika wakati wa kuchagua nini kivuke, hesabu ilikuwa wazi: saruji ilivuka, mafuta yalivuka, dada wa marehemu hakuvuka.

Maana babu wa Amukura alifariki katikati ya mwaka ule. Hakuwa na korona, alikuwa na uzee. Tulipata simu asubuhi, na upande wa Kenya walikuwa wameambiwa wazike haraka, watu wachache. Baba alisema haiwezekani. Nyanya hakubishana naye. Alivaa gomesi yake, akafunga sanda mpya katika mfuko wa plastiki, akakaa nje kwenye kiti akingoja mtu mwenye akili. Mchana nilimpandisha kwenye boda boda ya jirani. Tuliiacha pikipiki kabla ya kijito ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa bado tunakihitaji, tukavuka maji yakiwa magotini, nikimshika mkono na yeye akinishika bega. Alikuwa amepita pale mwaka 1989 na watoto wanne. Alinionyesha jiwe la kukanyagia.

Tulifika kaburi likiwa limeshafukiwa, udongo bado mbichi. Watu walikuwa wamekaa mbalimbali chini ya mwembe, wamevaa barakoa. Naibu wa chifu alikuwapo kuhakikisha idadi haizidi. Alituona tunatoka upande wa mashamba, miguu imejaa matope, akainuka. Alimjua nyanya tangu utotoni mwake, lakini siku ile alikuwa kazini, kwa hiyo alimuuliza kwa Kiswahili:

"Mama, mmepitia wapi?"

Nyanya alimjibu kwa Kiswahili vilevile, bila kusimama.

"Njiani."

Akampisha, kisha akamletea kiti.